Mbao Saba za Chumba cha Tatu

Nianze kwa kujisifu, maana nikisubiri watu wanisifu nitazikwa kwanza. Viti vyote vya behewa la mbao lililotoka Jinja kwenda Mbale baada ya vita nilivisuka mimi. Wengine walipiga randa, wengine walipaka rangi, na wengine walikuja kunywa chai yetu na kutoa ushauri. Mimi nilisuka. Ukikaa kwenye kiti changu tangu asubuhi hadi jioni unashuka na mgongo wako mzima, na kama umeshuka unalalamika, basi huo mgongo ulikuwa mbovu tangu kwenu.

Mimi ni Mnubi wa Jinja. Mababu zetu waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari, wakabaki, na bibi zetu wakabaki wakisuka. Lakini baba yangu hakuwa askari. Alikuwa seremala wa reli, katika karakana ya mabehewa, na miaka yote alishika upande mmoja wa msumeno wakati upande wa pili umeshikwa na Msoga mmoja, mwenyeji wa pale, mrefu mkimya. Walifanya kazi pamoja muda mrefu mpaka hawakuwa na haja ya kusemezana. Mama alikuwa akimtania kwamba ana wake wawili, mmoja nyumbani na mwingine karakana.

Siku za mapumziko baba alikuwa seremala wa msikiti. Mwislamu akifa, iwe Nalufenya au Masese, baba ndiye aliyekata viunza. Kiunza, kwa asiyejua, ni ule ubao unaofunika mwanandani, kile kishimo cha ndani ya kaburi anamolazwa maiti, ili udongo usimguse. Baba hakupokea chochote kwa kazi hiyo. Alisema mtu aliyekanyagwa na dunia maisha yake yote asikanyagwe tena na udongo.

Kisha serikali ya yule rais wa kijeshi ikaanguka, askari wake, wengi wao Wanubi, wakakimbia, na mji ukatafuta wa kulipizwa kisasi. Aliyeonekana karibu ni Mnubi. Hawakuuliza kama unashika bunduki au sindano ya kusukia. Baba alipigwa nje ya geti la karakana mpaka akafa. Hakuwahi kushika silaha hata siku moja. Siku ile mfukoni alikuwa na penseli na kipande cha msasa. Naandika haya bado nina hasira, na sina nia ya kuizuia.

Alizikwa siku ileile kabla ya magharibi. Kwetu wanawake hatuendi makaburini kuzika, na siku ile hata mlango hatukuthubutu kuufungua. Sheikh wa msikiti wetu alipita kutuambia kwamba imekwisha, na kwamba tusilale tena katika nyumba ile. Alfajiri mama na mimi tukaondoka. Tulivuka Busia tukiwa na vikapu viwili na sufuria, tukakaa Kenya miaka mingi kuliko tulivyodhani. Sheikh naye alikimbilia upande mwingine akafia huko.

Kwa hiyo hakukuwa na wa kumuuliza. Na mama alikuwa na swali moja tu. Maduka ya mbao yalikuwa yameporwa, karakana imefungwa, na seremala wa viunza ndiye aliyekuwa maiti. Nani alimkatia yeye viunza? Mama alijijibu mwenyewe: hakuna. Aliamini kwamba mume wake, aliyewafunika wafu wa mji mzima, alifukiwa hivihivi. Kila mvua iliponyesha, iwe Kenya au popote, aliacha alichokuwa akifanya na kusema, "Udongo umemlalia uso." Mimi nilikuwa nikiichukia mvua kwa sababu hiyo.

Tuliporudi Uganda mama alikataa katakata kukanyaga Jinja. Akaenda kukaa na dada yake Mbale, chini ya mlima, mahali ambapo mvua haina likizo. Basi fikiria mwenyewe alilisema neno lile mara ngapi. Mimi nikarudi Jinja peke yangu, kwa ubishi tu, kwa sababu kuna watu ambao hawakutaka kuniona pale.

Siku moja nikasikia kwamba wazee wa reli wanatengeneza behewa. Lilikuwa limesimama kwenye reli ya pembeni nyuma ya karakana tangu vita, nyasi zimeota mpaka ndani, milango hamna, kuta nusu. Lilikuwa behewa la zamani sana, mbao tupu toka sakafu hadi dari, la wakati ambapo watu walijua kazi. Wakubwa wa reli walisema hawana uwezo wa kulitengeneza, ila likitengenezwa na wenyewe wanaolipenda, watalifunga kwenye treni ya Mbale. Haikuwa ikipita zaidi ya hapo, kwa kuwa mbele, upande wa Teso, bunduki zilikuwa bado zinalia. Basi wastaafu, mafundi na watu wa mji wakawa wanakutana kila Jumamosi. Wenyewe waliita bulungi bwansi, kazi ya kujitolea kwa faida ya wote. Walikosa mtu wa kusuka viti tu.

Nilipofika, waliokuwa juu ya behewa waliacha kupiga nyundo. Nilisikia mmoja akiguna neno "askari". Fundi wa rangi, Mkenya mmoja mwenye kofia iliyojaa matone ya kila rangi, ndiye aliyenikaribisha.

"Karibu, mama! Hawa jamaa wanaogopa Kiswahili chako. Hapa Kiswahili ni cha askari: wakikisikia kikiwa safi wanadhani ni amri ya kulala chini."

"Waambie wasilale," nikamjibu, "bado sijakasirika."

Wakacheka, na mimi nikapanda. Ndani nilimkuta fundi mkuu. Alikuwa yule yule Msoga mrefu wa upande wa pili wa msumeno, sasa na mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Niliona amenitambua. Nilingoja anipe pole ya baba yangu. Akasema, "Viti iko kule. Anza na chumba ya kwanza." Kisha akageuka kwenye randa yake.

Niliumia, tena sana. Miaka yote ile walikula kutoka bakuli moja, na hakuwa na hata neno la pole. Lakini nilikuwa nimeshapanda, na mimi nikishapanda sishuki kwa sababu ya mtu. Nikaanza chumba cha kwanza. Henzirani, fito za kusukia viti, zilikatwa msitu wa Mabira, nikaziloweka, nikazichana, nikasuka kwa ule msuko wa macho sita alionifundisha mama. Baada ya Jumamosi tatu hakuna aliyeguna tena. Walikuwa wakija kukaa kwenye viti vyangu wakijifanya wanatafuta nyundo.

Fundi mkuu alikuwa na sheria moja: behewa litarudi na mbao zake lenyewe, ubao mpya hauingii. Kila ubao ulikuwa umepigwa nambari kwa chuma upande wa nyuma na waliolitengeneza hapo mwanzo, na yeye alikuwa ameziandika kwa chaki kwenye ukuta wa karakana nambari zote zilizopotea. Wakati wa vita watu walizichukua kwa shida zao. Kulikuwa na mbao zilizokuwa milango Wanyange, zilizokuwa vitanda Nalufenya, zilizokuwa meza za samaki Masese. Tulitangaza misikitini na makanisani kwamba mwenye ubao aurudishe, haulizwi kitu. Tukagonga na milango.

Na watu walirudisha! Nasema hivi kwa fahari, kwa kuwa ni mji uleule. Mchuuzi mmoja wa samaki alitoka Masese kwa miguu na mlango wake kichwani, akautua, akasema, "Mmechukua mlango, sasa mbuzi wa jirani atakuwa mgeni wangu." Mkenya akamtengenezea mwingine wa mabati siku ileile. Ubao wake ulipigwa msasa mara tatu, na hata hivyo jua likiwa kali chumba cha pili kinanuka mukene, wale dagaa wa ziwani. Fundi mkuu alifuta nambari yake ukutani kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepangusa machozi ya mtoto.

Ukuta ukazidi kuwa safi. Mwishowe zikabaki nambari saba tu, zinafuatana, kumi na tano hadi ishirini na moja. Zote za ukuta wa chumba cha tatu. Bila ukuta ule nisingeweza kufunga viti vya chumba kile, na wakubwa wa reli walikuwa wameshatupa siku: wangelikagua baada ya Jumamosi mbili, na lisipokuwa tayari lingebaki kwenye nyasi zake. Nilikuwa nimemtumia mama habari kwamba nitakuja kwa treni, juu ya viti vyangu mwenyewe. Sikuwa tayari kufika kwa basi.

Hapo ndipo nilipoanza kumchunguza fundi mkuu. Kila tulipomuuliza kuhusu zile saba, alisema, "Hiyo acha." Mkenya alipendekeza tutangaze tena: "Hiyo acha." Mtu aliyekuwa akifuatilia kipande cha kizingiti mpaka jikoni kwa watu, saba nzima anasema acha? Nikapiga hesabu zangu. Nyumba zote zimegongwa, isipokuwa moja. Nikajiambia, huyu mzee lazima ana kabati zuri kwake la mbao za msaji kama za behewa, na baba yangu amemsahau kama alivyosahau kabati hilo lilitoka wapi.

Ningeweza kwenda kumuuliza pembeni. Mtu mwenye adabu angefanya hivyo. Mimi nilingoja chai, watu wote wamekaa kwenye mataruma ya reli, nikasimama.

"Mzee," nikasema, "mlango wa maskini wa Masese tumeuchukua. Kitanda cha mjane tumekibomoa. Nyumba yako lini? Nyani haoni kundule! Tuambie leo, hizo mbao saba umetengenezea kabati au kitanda?"

Mkenya alinishika mkono. Nikaunasua.

Fundi mkuu aliweka kikombe chini. Alivua miwani, akaikunja na uzi wake, akaitia mfukoni. Nilidhani atanitukana na nilikuwa nimeshaandaa jibu.

"Mbao ile iko na baba yako," akasema.

Sikuelewa mara moja.

"Siku ile mimi nilikuwa ndani, nyuma ya geti. Mimi naona. Walipiga yeye na mimi naona kwa tundu. Mimi sikutoka, mama. Niliogopa. Walipokwenda ndiyo mimi nikatoka." Alikuwa akizungumza akitazama kikombe chake. "Sheikh yenu akakuja kuuliza kama iko mbao ya kaburi. Stoo iko tupu, watu wamebeba yote. Mbao nzuri ilibaki kwa behewa peke yake. Hiyo saba, baba yako ndiye alipiga randa, mwaka ule kabla ya vita. Nikatoa. Nikapeleka na toroli, mimi mwenyewe."

"Ukaifunika?" nikauliza.

"Sheikh anasema weka tu, haraka, watu watakuja. Mimi nikakataa. Mimi najua kazi moja. Ile mbao iko na ulimi huku, na mfereji huku. Nikaingiza ulimi kwa mfereji, kumi na tano mpaka ishirini na moja, nikagonga na nyundo ya mti mpaka ikashikana. Sheikh anasema, 'Kaburi si behewa!' Mimi namwambia, huyu mtu akiona nimefanya kazi mbaya atanicheka."

Ndivyo ilivyokuwa. Seremala wa Kikristo, asiyejua kwamba viunza hulazwa tu kimoja kando ya kingine, alimfungia rafiki yake mwanandani kwa ufundi wa ukuta wa behewa la reli, nambari kwa mpangilio, wakati mji unawaka moto. Kosa kama hilo hulifanya mtu wa karakana ile tu. Na alinyamaza miaka yote kwa sababu alikuwa ameiba mali ya reli, na kwa sababu ya lile tundu la geti. Kuniangalia usoni bila kulisema asingeweza, na kulisema asingeweza. Ndiyo maana alinionyesha viti.

Hasira hasara. Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya watu mtu aliyemvika baba yangu. Niliona haya mpaka masikio yakaungua. Nikachukua birika, nikammiminia chai, nikapiga magoti nikampa kikombe kwa mikono miwili, mimi ambaye sikuwahi kumpigia goti mwanaume asiye wa kwetu. Ndipo nikasema, "Nisamehe, baba." Akapokea. Chai ikamwagikia suruali yake, na Mkenya akasema kwa sauti nzito kwamba hiyo suruali ilikuwa inahitaji kufuliwa hata hivyo. Tukacheka wote na kulia.

Baadaye fundi mkuu alikwenda ukutani akazifuta nambari saba kwa mkono wa shati, zote kwa mara moja. Alisema sheria yake imekufa na aliyeiua ni yeye. Mtu wa Wanyange akaleta gogo la mvule alilokuwa ameliweka kwa ajili ya mtumbwi. Wakalipasua, wakalipiga randa, wakachonga ulimi na mfereji, na Jumamosi iliyofuata ukuta wa chumba cha tatu ukasimama. Mkenya akaja na kopo la rangi ya kahawia ili mbao mpya zifanane na za zamani. Nikamwambia hapana, atie vanishi tu. Nataka kila anayekaa pale aone kwamba saba hizi ni ngeni, na zile zenyewe ziko mahali.

Mkaguzi alipozunguka aliuliza mbona ukuta huu una rangi yake peke yake. Fundi mkuu akamjibu, "Ile ya zamani iko kazini." Mkaguzi akakaa kwenye kiti changu, akajipima, akakaa tena, akasaini.

Siku ya safari sitaieleza yote, nitaonekana naringa, ingawa naringa. Tuliondoka Jinja asubuhi behewa letu likiwa la mwisho, mbao zinang'aa, madirisha yote yanapanda na kushuka kwa kidole kimoja. Iganga watu walisimama kandokando ya reli wakipiga vigelegele. Tororo tulipogeuka kushika njia ya kaskazini, abiria mmoja, dereva wa malori, mkubwa wa mwili, alikaa chumba cha pili, akanusa, akauliza nani amebeba samaki. Sote tukatazama nje ya madirisha. Mimi nilitembea chumba hadi chumba nikiangalia watu wakikaa. Hakuna henzirani iliyolia. Katika miaka yote ile tangu geti la karakana, siku hiyo ndiyo ya kwanza niliyotembea nchini mwangu na kichwa juu, na sikuwa nimeomba ruhusa ya mtu.

Mbale mlima ulikuwa umevaa wingu. Mama alisimama stesheni na dada yake chini ya mwavuli mmoja, akilitazama behewa kama anayetafuta kasoro. Nikamshika mkono nikampandisha. Alipita chumba cha kwanza akibonyeza viti kwa kiganja, akihesabu macho ya msuko, na kunung'unika kwamba pembe moja nimeivuta sana. Nikamkalisha chumba cha tatu, akitazamana na zile mbao za mvule. Nikamwambia zilizokuwa pale kabla ya hizo ziko wapi, nani alizipeleka, na kwa toroli gani.

Mama hakulia. Ni mke wa seremala. Aliuliza swali la kiseremala.

"Zilishikana?"

Fundi mkuu, aliyesafiri nasi, alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alijibu yeye. "Ilishikana, mama. Zote saba. Hata punje ya mchanga haipiti."

"Aliyegonga ni wewe?"

"Ni mimi."

Mama akasogea kwenye dirisha na kupigapiga kiti kando yake. "Kaa," akamwambia. "Umesimama vya kutosha." Akakaa.

Hapo mvua ikaanza, ile mvua ya Mbale isiyobisha hodi. Ilipiga paa la behewa mpaka hatukusikiana, na hakuna tone lililoingia. Mimi, kwa mazoea ya miaka, nilikaza meno nikimtazama mama mdomo, nikingoja neno lake. Aliinua uso akasikiliza paa. Kisha akaweka kiganja chake juu ya ubao wa mvule, akakiacha pale.

"Acha inyeshe," akasema.